Waya wa Isevya

Radi ya Machi haikugusa bati.
Ilishuka na laini ya simu,
ikapita kwenye kompyuta yangu ya mezani
ikachagua kitu kimoja cha kuua:
tundu la mtandao.
Washa, inawaka. Chapa, inachapa.
Ila barua haifiki hata Urambo.

Na ilikuwa wiki ya fomu za mkopo.
Vijana wamejaa kwenye ngazi zangu,
vyeti vya kuzaliwa vimejikunja kwa jasho.
"Mama Kalunde, mtandao?"
"Kesho," nasema. Kesho ni neno jepesi,
halilipiwi kodi.

Usiku nikaifungua kwa kisu cha mkate.
Vumbi, na mjusi mmoja mkavu,
marehemu asiye na ndugu.
Nikahesabu sloti: ndefu nyeupe mbili, fupi nyeusi moja.
Nikazipima kwa uzi, nikachora kwenye boksi la chaki,
asubuhi nikashika njia ya Gongoni.

Mihayo akanipangia kadi tatu kauntani
kama wapangavyo asali sokoni:
ya nyuki wadogo, ya nyuki wakali,
na ile iliyotiwa sukari.

Ya kwanza mpya, boksi lina picha ya tai.
Elfu kumi na mbili.
"Draiva yake?"
"Ipo kwenye sidii."
"Yangu haina mahali pa sidii."
"Basi utaipakua mtandaoni."
Tukatazamana,
tukacheka mpaka mteja wa chaja akaondoka.

Ya pili ina antena mbili, pembe za ndama.
Hii haitaki waya, inanyonya hewani.
Hii, kusema kweli, niliitamani.
Maana ruta iliyo hai mtaani ni ya Bi Nyamizi,
mwenye nyumba ya wageni, ukuta kwa ukuta nami,
na tangu ule ugomvi wa mfereji
salamu zetu hupita kwa watoto.
Mwanawe Shija angeninong'oneza neno la siri,
ningeunganishwa bila kuonana na mtu.

"Ukuta wa nini?" Mihayo akauliza.
"Tofali za kuchoma."
"Na nyuma ya ukuta?"
"Tangi lake la maji."
Akairudisha ndama zizini, taratibu.
"Asubuhi itashika. Adhuhuri itasinzia,
fomu ya mtu ikiwa katikati ya safari."

Ya tatu haina boksi.
Imeng'olewa kwenye mashine ya kampuni ya tumbaku iliyofungwa,
na naapa, bado inanukia tumbaku.
Meno yake yalikaa sawasawa juu ya mchoro wangu.
"Kompyuta yako itaitambua yenyewe," akasema,
"kama mbwa anavyomjua mwenye nyumba."
Elfu kumi na nane.
"Ya mtumba, na inaizidi mpya?"
"Hii imeshafanya kazi, mama. Ile inaahidi."

Ni ya mia, si ya elfu; kasi ya zamani.
Fomu ina kurasa nane, inakimbilia wapi?
Nikalipa. Nikalipa na waya, mita kumi na tano.
Njiani ndipo nikakumbuka:
waya unataka tundu,
tundu linataka ukuta,
na ukuta una wenyewe wawili.

Nilisimama mlangoni kwake, waya begani,
maneno niliyoyapanga yote yamenitoka.
Bi Nyamizi akautazama waya, si mimi.
"Tundu kubwa kiasi gani?"
"La kidole."
"Kidole kipi?"
Nikamwonyesha cha mwisho.
Akaingia ndani, akakawia,
nikaanza kuhesabu nauli ya kurudi Gongoni kubadilisha.
Akatoka na nondo na nyundo.
"Gonga kutokea kwako. Vumbi lisije kwangu."

Jioni taa ya kijani ikasimama,
ya njano ikaanza kupepesa.
Kijana wa kwanza alituma fomu, hakusema kitu,
alikaa tu akiitazama ile taa.

Habari ya mfereji hatujaigusa.
Ila mfagiaji wake akiuvuta waya, taa ikazimika,
nagonga ukuta mara mbili kwa kitako cha penseli.
Kimya. Ndoo inaburutwa.
Halafu upande wa pili, mara moja,
mtu anagonga.